Mfano wa kaburi la Bonde la Wafalme na Karnak kwa maonyesho ya shule: vipimo, mwamba, mchanga

MwlShangani, Mtwara

Wakuu, habari za jioni.

Klabu ya historia ya sekondari moja hapa mjini inaandaa meza ya maonyesho kuhusu Thebes, mji wa kale wa Misri ambao leo ni Luxor. Vitu ni viwili: kaburi la Bonde la Wafalme lililokatwa ubavu ili vyumba vya ndani vionekane, na kipande cha hekalu la Karnak. Vifaa vilivyopo ni plaiwudi, maboksi, unga wa jipsamu, saruji mfuko mmoja, rangi za maji na mchanga wa ufukweni. Mchonga vinyago wa Mikindani amekubali kutoa sanamu ndogo za mti.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie: kaburi lipi lina umbo rahisi, na vipimo vyake vya kweli ni vipi? Walichongaje mle ndani gizani? Na swali ambalo wanafunzi hawaliachi: mahekalu yapo, makaburi yapo, majumba ya wafalme yako wapi? Jibu la "walithamini dini kuliko dunia" haliwatoshi, na mimi pia halinitoshi.

Halafu kuna picha inazunguka mtandaoni, piramidi tatu nyuma ya nguzo za Karnak. Ni ya kweli?

KusiniKwetu, Newala

Picha hiyo ni ya kuunganisha. Piramidi zile tatu ziko Giza, kando ya Cairo, mamia ya kilomita kaskazini, na zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000 wakati makaburi ya Bonde la Wafalme yanaanza kuchongwa. Juu ya bonde lenyewe kuna kilele cha mlima kiitwacho el-Qurn ambacho kwa asili kina umbo la piramidi, na wengi wanaona ni sababu mojawapo ya wafalme kupachagua. Piramidi za kujengwa zilikuwepo Thebes, ila ndogo za tofali juu ya makaburi ya mafundi kule Deir el-Medina. Mkitaka kuweka piramidi mezani, wekeni hiyo.

Tindo_na_Nyundo, Mtwara

Mwalimu, kwa mfano wa mezani chukua kaburi la Tutankhamun, KV62 (KV na namba ni jina la kitaalamu la kila kaburi la Bonde la Wafalme). Kwa wafalme ni dogo mno na halina umbo la kawaida, lakini ni vyumba vinne tu na kila mtoto amelisikia. Vipimo kwa kukadiria: ngazi 16 za kushuka, kisha ujia wa karibu mita 8 wenye upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2. Ujia unaelekea magharibi na kuingia sebule yenye urefu wa karibu mita 7.9 kutoka kusini hadi kaskazini, upana mita 3.6, kimo mita 2.7. Ukutani magharibi mwa sebule, upande wa kusini, kuna mlango mdogo wa kuingia stoo ya mita 4.4 kwa 2.6. Mwisho wa kaskazini wa sebule ndipo penye chumba cha maziko, mita 6.4 kwa 4, na sakafu yake iko chini karibu mita 0.9 kuliko ya sebule. Hapo mashariki kuna mlango wa chumba cha hazina, mita 4.75 kwa 3.8.

Kwa kipimo cha 1:20 sebule inakuwa sentimita 39 kwa 18, chumba cha maziko 32 kwa 20, ujia 40 kwa 8.5, na sakafu inashuka sentimita 4.5. Mfano mzima unakaa kwenye ubao wa sentimita 110 kwa 70, yaani nusu karatasi ya plaiwudi na chenji inabaki. Usikate ubavu. Vyumba vimepangika kwa kona, ukikata ubavu mmoja utaona sebule tu na kumficha mfalme. Acha juu wazi, watu watazame kwa kuinama, halafu tengeneza mlima kama kifuniko cha kunyanyua.

Rangi itakusumbua kidogo tu, kwa sababu chumba cha maziko peke yake ndicho kilichochorwa. Vingine ni mwamba mtupu. Kuta zina msingi wa manjano. Kaskazini yupo Ay, aliyemrithi, akifanya ibada ya kufungua kinywa cha maiti. Magharibi nyani 12 wamekaa kwenye visanduku, mashariki watu 12 wanakokota jeneza. Wengi wanaotengeneza mifano hujaza michoro kila ukuta hadi ujiani, na hilo ndilo kosa la kwanza ambalo mjuzi ataliona.

Ukitaka kaburi la kifalme lenye umbo la kawaida la enzi za mwisho, basi KV2 la Ramesses IV. Ni mstari mmoja ulionyooka wa karibu mita 89, hivyo kwa 1:100 unapata sentimita 89. Ramani yake ya kale ipo hadi leo kwenye karatasi ya mafunjo huko Turin, Italia, ikiwa na majina ya vyumba na vipimo kwa dhiraa. Dhiraa yao ya kifalme ilikuwa karibu sentimita 52.5, imegawanywa viganja 7, kila kiganja vidole 4. Waagize wanafunzi wakate fimbo ya dhiraa na kuigawa vidole 28 kabla ya kugusa jipsamu.

Kuhusu kuchonga. Mwamba wa pale ni mawe ya chokaa, laini kiasi cha kukatwa kwa patasi za shaba na nyundo za mti, ila ndani yake kuna mabonge ya jiwe gumu la gumegume ambayo patasi haiyawezi. Ndiyo maana katika makaburi kadhaa unakuta bonge limeachwa limetokeza, au shimo palipong'olewa likazibwa kwa lipu. Patasi zilikuwa mali ya serikali. Mwandishi alizipima uzito zikitolewa na zikirudi, kwa sababu shaba iliyochakaa iliyeyushwa upya.

Walianza juu, chini ya dari, wakafungua njia nyembamba kwenda mbele wakifuata mstari wa katikati, kisha wakashuka kuelekea sakafuni na kupanua pembeni. Nguzo za ndani hazikujengwa, ni mwamba ulioachwa. Kikosi kiligawanywa pande mbili, kulia na kushoto, kila upande na msimamizi wake, na kifusi kilitoka kwa vikapu. Nyuma ya wachongaji walifuata wapiga lipu wenye jasi, kisha wachoraji, kisha wachongaji wa picha, kisha wapaka rangi. Kazi hizi zilipishana ndani ya kaburi lilelile, kwa hiyo mfalme akifa ghafla unakuta chumba cha mbele kimekamilika na cha nyuma bado kina mistari tu. Kaburi la Horemheb, KV57, linaonyesha hatua zote kwenye kuta zake: mchoro wa kwanza kwa wino mwekundu, masahihisho ya bwana mkubwa kwa mweusi, halafu sehemu iliyokwisha kuchongwa. Kwa maonyesho ya shule ningechora ukuta mmoja wa namna hiyo kuliko kumaliza kuta zote nne.

Kuhusu giza la mle ndani: walitumia taa za mafuta zenye tambi za kitambaa. Idadi ya tambi zilizotolewa iliandikwa kwenye vigae na vipande vya jiwe, na baadhi ya kumbukumbu hizo zimebaki. Ile hadithi ya vioo vya kuleta jua ndani iacheni. Makaburi marefu yana kona, miteremko na milango, mwanga hauwezi kupigwa mpaka mwisho.

Mafundi waliishi kijiji cha Deir el-Medina, nyumba zipatazo 68 ndani ya ukuta. Juma lao lilikuwa la siku 10, nane za kazi na mbili za kupumzika. Mshahara ulikuwa nafaka, na ulipochelewa mwaka wa 29 wa Ramesses III walishusha zana wakaenda kukaa kwenye mahekalu hadi walipwe. Huo ni miongoni mwa migomo ya zamani kabisa iliyoandikwa duniani. Waweke wachezaji wawili hapo, wanafunzi watafurahi.

KisiwaniMtu, Kilwa Masoko

Tindo kamaliza kaburi, niingie kwenye majumba ya wafalme, maana hilo swali ni zuri na jibu lake liko kwenye udongo.

Majumba yalijengwa kwa tofali mbichi za udongo na majani makavu, sawa na nyumba za watu wote. Ikulu ya Mfalme Amenhotep III ilikuwa Malkata, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, na ilikuwa kubwa kweli: kumbi, nyumba za wakuu, kuta zilizopigwa lipu na kuchorwa. Leo unaona mistari ya misingi na vipande vya lipu yenye rangi. Jiwe lilitengwa kwa ajili ya miungu na wafu, na mahekalu yenyewe waliyaita majumba ya miaka milioni. Kwa hiyo tofauti inaanzia kwenye vifaa kabla hata ya wakati kufanya kazi yake.

Tofali mbichi halidumu likiloa. Mto Nile ulifurika kila mwaka na mji wenyewe ulikuwa kwenye ardhi ya mafuriko, upande wa mashariki. Nyumba zilianguka zikajengwa juu ya kifusi chake, na mji wa leo umekaa juu ya huo wa kale. Halafu wakaja wakulima wa karne zilizopita. Udongo wa tofali kuukuu una rutuba, wakauchimba na kuusambaza shambani kama mbolea. Vilima vizima vya miji ya kale nchini Misri vimeishia kwenye mashamba kwa njia hiyo.

Lakini tusiseme tofali halidumu, tuseme halidumu kwenye maji. Kwenye ukingo wa jangwa, hekalu la Ramesses II liitwalo Ramesseum lina maghala ya tofali mbichi yenye mapaa ya upinde ambayo mengine yamesimama hadi leo, na yalijengwa karne ya 13 KK. Hekalu la Medinet Habu nalo limebaki na sehemu kubwa ya ukuta wake wa tofali. Kinyume chake, hekalu la Amenhotep III lilikuwa kubwa kuliko yote ng'ambo ya magharibi, lakini lilikaa kwenye ardhi ya mafuriko. Tetemeko la karibu mwaka 1200 KK likaliangusha, mawe yakachukuliwa na wajenzi wengine, na kwa karne nyingi vilivyoonekana ni zile sanamu mbili za mbele, zenye kimo cha karibu mita 18, ziitwazo Sanamu za Memnon.

Wa Lindi tunalijua hili bila kusoma. Kilwa Kisiwani msikiti mkuu na Husuni Kubwa vimebaki kwa sababu ni matumbawe na chokaa, ilhali watu wengi wa mji ule waliishi kwenye nyumba za miti na udongo ambazo leo mtafiti anazisoma kama alama ardhini. Anayeutazama mji kwa magofu yake peke yake anawaona matajiri na msikiti, basi.

Sasa Karnak. Ukumbi wa nguzo una nguzo 134 na eneo la karibu mita 103 kwa 52. Safu mbili za katikati zina nguzo 6 kila moja, kimo cha mita 21, unene wa karibu mita 3 na nusu, na vichwa vyake ni ua la mafunjo lililofunguka. Zilizobaki 122 ni fupi na vichwa vyake ni ua lililofumba. Mpangilio wake: kila upande safu 7, sita zina nguzo 9 na moja ina nguzo 7. Hesabu, zinatoka 61 kila upande. Paa la katikati liko juu kuliko la pembeni, na kwenye hiyo tofauti ya kimo ndipo kulikuwa na madirisha ya mawe yenye vipenyo vya wima. Ukiweka nguzo zote kimo kimoja, umepoteza mwanga wa hekalu na sababu ya umbo lake. Mfalme Seti I ndiye aliyeujenga na kuanza kuupamba, Ramesses II akamalizia mapambo.

Kwa 1:200 ukumbi mzima unakuwa sentimita 52 kwa 26 na nguzo kubwa sentimita 10.5. Vijiti vya mti vya unene wa sentimita 1.7 vinatosha kwa zile 12, na vya kama sentimita 1.2 kwa nyingine.

Mawe ni ya mchanga, yalitoka Gebel el-Silsila, kusini mwa Edfu, yakaletwa kwa mashua. Jiwe la mchanga lina faida moja juu ya jiwe la chokaa: boriti yake inavuka nafasi pana zaidi bila kukatika. Hata hivyo nafasi ina mwisho, ndiyo maana ukumbi ni msitu wa nguzo. Nyumba za mawe za pwani yetu zina sheria ileile, chumba hakizidi sana mita 2.5 hadi 3 kwa sababu boriti za mikoko haziendi zaidi ya hapo.

Kupandisha mawe: waliweka miteremko ya tofali na kifusi. Hii si kubahatisha, maana lango kuu la kwanza la Karnak halikumalizika na mabaki ya mteremko wake yapo hadi leo nyuma ya mnara wa kusini. Waulize wanafunzi kwa nini mabaki hayo ni ya thamani kuliko lango lenyewe.

MakondeJuu, Tandahimba

Wataalamu, na ile nchi ya Punt aliyopeleka meli Malkia Hatshepsut wa Misri? Babu zetu wanasema ni huku kwetu, uvumba ulitoka pwani hii. Mwalimu aweke ramani yenye Mtwara!

KisiwaniMtu, Kilwa Masoko

Mtani wangu, Mtwara usiitie huko. Safari hiyo imechongwa kwenye ukumbi wa hekalu lake la Deir el-Bahari: nyumba za Punt zimesimama juu ya miti zikiwa na ngazi, miti ya uvumba inabebwa na mizizi yake kwenye vikapu, na chini ya meli kuna samaki wa Bahari ya Shamu. Wengi wa watafiti wanaiweka Punt kaskazini kwetu, upande wa Pembe ya Afrika na Bahari ya Shamu, maeneo ya Eritrea, Ethiopia, Sudan au Somalia. Ramani iishie hapo. Samaki wale wa Deir el-Bahari ndio wangefaa kuchongwa na mtu wa Mikindani, maana wamechorwa vizuri kiasi kwamba wengi hutambulika aina zao.

MwlShangani, Mtwara

Nimeshukuru sana, mmenipa kuliko nilichoomba. Tumeamua KV62 kwa 1:20, na ukumbi wa Karnak nusu tu. Maswali mawili yamebaki. Mchanga wa ufukweni unafaa kuchanganya na jipsamu au saruji kwa ajili ya kuta na mlima? Na mchonga vinyago anataka kujua viwango vya mwili wa mtu wa Kimisri, kwa sababu akichonga kwa mazoea yake anapata kinyago cha kwetu, si wa kwao.

LipuNaChokaa, Lindi

Mwalimu, mchanga wa ufukweni uache hukohuko. Ukishindwa kabisa kupata wa mto, uoshe kwa maji baridi ya kisima au bomba, ukoroge, umwage, urudie. Kujua kama chumvi imetoka, chukua tone la maji ya mwisho uliyooshea, liweke kwenye kioo likauke juani. Likiacha ukoko mweupe, rudia. Chumvi kwenye jipsamu huharakisha kukamata, unapoteza muda wa kulainisha, na baadaye hewa ya pwani ikiwa na unyevu ukuta unatoa chumvi na rangi inabanduka kwa magamba. Kila mwenye nyumba Mikindani au Lindi mjini aliyepigiwa lipu ya mchanga wa bahari anajua sura yake.

Na hapo ndipo unaweza kuwafundisha jambo kubwa kuliko dhahabu ya Tutankhamun, kwa sababu ugonjwa huo huo ndio unaoua Thebes.

Kaburi la Nefertari, mke wa Ramesses II, lilifunguliwa mwaka 1904 na Ernesto Schiaparelli. Liko Bonde la Malkia, QV66, na kwa rangi hakuna linalolizidi. Tatizo ni kwamba mwamba wenyewe una chumvi ya kawaida, na lipu ilipigwa juu yake. Unyevu ukiingia, uwe wa lipu mbichi siku ya ujenzi, wa mvua adimu au wa pumzi na jasho la wageni, chumvi inayeyuka na kusogea. Unyevu ukitoka, chumvi inaganda kuwa fuwele nyuma ya lipu, fuwele inakua, lipu inasukumwa hadi inaachia mwamba ikiwa na picha yake. Kati ya 1986 na 1992 idara ya mambo ya kale ya Misri na Getty Conservation Institute, taasisi ya uhifadhi ya Marekani, walifanya kazi ya kuliokoa. Kwanza walishikiza vipande vilivyolegea kwa karatasi nyembamba za Kijapani, wakasafisha chumvi, wakagandisha lipu tena mahali pake. Hawakupaka rangi mpya palipokosekana. Lilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1995, waliruhusiwa 150 tu kwa siku.

KV62 nalo lina madoa ya kahawia kwenye picha. Ni vijidudu vya ukungu vilivyoota zamani, na maelezo yanayokubalika ni kwamba kaburi lilifungwa rangi na lipu zikiwa bado zina unyevu, maziko yalifanywa kwa haraka. Vimekufa siku nyingi, havikui, lakini vimeingia ndani ya rangi na haviwezi kuondolewa bila kuiharibu. Mkiwa na brashi nyembamba, madoa hayo yawekeni. Yanamwambia mtazamaji habari ya haraka ile kuliko maandishi yoyote ya pembeni.

Mafuriko ya ghafla ni adui mwingine. Bonde la Wafalme ni mkondo wa maji uliokauka, na mvua kubwa ikinyesha juu ya mlima, maji hushuka na mawe. Kaburi la Ramesses II, KV7, limejaa na kupasuka mara nyingi kwa sababu mlango wake uko chini bondeni. KV5, la wana wa Ramesses II, lilijaa kifusi kiasi kwamba ukubwa wake haukufahamika hadi Kent Weeks na wenzake walipofungua sehemu za ndani mwaka 1995, na vyumba vimehesabiwa zaidi ya 120. Mwaka 1994 mvua ziliingia makaburi kadhaa tena. Ubaya unaongezeka chini ya yale mawe ya chokaa, maana huko kuna mwamba laini wa udongo wenye matabaka. Ukiloa unavimba, na ukivimba unapasua nguzo na dari. Katika KV20, kaburi lenye urefu wa zaidi ya mita 200 kwenda chini kwa mteremko, chumba cha maziko kiliangukia kwenye mwamba huo mbovu usiopokea mchoro, hivyo maandiko ya dini yakawekwa kwenye vipande 15 vya mawe ya chokaa vya kuegemeza ukutani.

Tindo hakutaja kosa jingine: kuchonga bila kujua nani yuko jirani. Wachongaji wa KV11, lililoishia kuwa la Ramesses III, walitoboa wakaingia KV10. Walichofanya ni kusogeza mhimili wa kaburi pembeni na kuendelea. Mpaka leo ukitazama ramani yake utaona limepinda katikati bila sababu ya kidini.

Upande wa mahekalu maji yanatoka chini. Oktoba 1899 nguzo 11 za ukumbi wa Karnak zilianguka, na Georges Legrain akatumia miaka kuzirudisha. Misingi ya Wamisri wa enzi ile haikulingana na uzito uliokuwa juu yake: mtaro, tabaka la mchanga, kisha mawe madogo madogo, mengine yakiwa yameng'olewa kwenye majengo ya mfalme wa kabla yao, Akhenaten. Mafuriko ya kila mwaka yakapanda na kushuka humo kwa maelfu ya miaka. Bwawa kuu la Aswan lilipokamilika 1970 mafuriko yakakoma, lakini umwagiliaji ukawa wa mwaka mzima na maji ya ardhini yakabaki juu. Sasa maji yanapanda ndani ya jiwe la mchanga kama mafuta ya taa kwenye utambi, yanakauka juu kidogo ya usawa wa ardhi, yanaacha chumvi, na jiwe linamomonyoka kuwa unga palepale kwenye michoro ya chini. Tangu miaka ya 2000 wamechimba mitaro na mabomba kuzunguka Karnak na hekalu la Luxor ili kushusha maji hayo taratibu. Taratibu ni neno la kazi hapo, maana yakishushwa haraka ardhi inajikunja na nguzo zinainama.

Mkitaka jaribio la mezani: simamisha tofali la mchanga na saruji kwenye sinia la maji ya chumvi, mahali penye upepo. Mstari mweupe utatokea juu ya usawa wa maji, wenyewe, na siku zikienda uso wa tofali utaanza kubanduka kwenye mstari huo.

Kuta za mfano sasa. Paka plaiwudi gundi nyeupe ya mbao kwanza, ikauke, la sivyo ubao utanyonya maji ya jipsamu na kupinda. Mimina unga kwenye maji, usimimine maji kwenye unga, vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, uache unywe kama dakika moja ndipo ukoroge polepole usitie mapovu. Una kama dakika 10 za kufanya kazi. Usichanganye jipsamu na saruji kwenye bakuli moja. Huwa vinashikana vizuri siku za kwanza, halafu vinatengeneza kitu kinachovimba na kupasua mfano ukiwa umeshakamilika. Saruji itumie kwenye mlima wa kifuniko peke yake, au uiache kabisa, maana uzito wake utavunja mikono ya watoto wanaounyanyua. Maboksi yaliyokunjwa na kufunikwa kitambaa kilichochovywa jipsamu yanatosha. Rangi subiri ukuta ukauke hadi usiwe na ubaridi ukiugusa kwa mgongo wa mkono. Wakati wa mvua, hiyo ni siku nyingi.

Tindo_na_Nyundo, Mtwara

LipuNaChokaa umenisahihisha vizuri kwa KV11.

Viwango vya mwili kwa mchongaji: waligawa mchoro kwa miraba kwa uzi uliochovywa rangi nyekundu. Mtu aliyesimama ana miraba 18 kutoka nyayo hadi mstari wa nywele kwenye paji la uso. Goti linaangukia karibu mraba wa 6, kiwiko karibu wa 12, mabega karibu wa 16. Uso wa ubavuni wenye jicho la mbele, mabega ya mbele, miguu ya ubavuni. Hiyo ni kwa picha za ukutani. Kwa sanamu za kusimama atumie miraba ileile pande zote nne za gogo kabla ya kukata, mguu wa kushoto uwe umetangulia kwa mwanamume. Mpingo una weusi mzuri kwa zile sanamu mbili za walinzi zilizosimama mbele ya mlango wa chumba cha maziko cha KV62, ambazo kweli ni nyeusi na dhahabu.

Rangi za kuangalia. Bluu yao haikuchimbwa, ilitengenezwa: mchanga wa kwarzi, chokaa, shaba na magadi kidogo, vikachomwa kwa saa nyingi kwenye joto la kati ya nyuzi 850 na 1,000, kisha vikasagwa. Ikisagwa laini sana inapauka, kwa hiyo bluu iliyokolea ni ya chembe kubwa na inaparuza ukiigusa. Kwenye rangi ya maji ya dukani, changanya bluu na kijani kidogo sana, siyo bluu ya bahari. Nyekundu na manjano ni udongo tu, na huo upo tele Newala kwa KusiniKwetu. Usage, uchekeche kwa kitambaa, uloweke kwenye gundi ya mgunga iliyoyeyushwa. Gundi ya mgunga ndiyo iliyokutwa kwenye rangi za kaburi la Nefertari.

MwlShangani, Mtwara

Udongo mwekundu tumeshaagiza kwa KusiniKwetu. Nyani 12 nitawagawia Kidato cha Pili, mmoja mmoja kwa kila kikundi, miraba ichorwe Ijumaa.

KusiniKwetu, Newala

Unakuja na basi la Jumatano, mwalimu, kiroba kimoja chekundu na kimoja cha manjano. Kile cha manjano kimeshika unyevu, kianikeni kwanza.